Furushi la Mbuyi, Furushi la Kabanga

Tangu nirudi sijamaliza kushona turubai moja bila mtu kusimama mlangoni na kuuliza: "Yaya Ngalula, ni kweli walikukamata getini kwa sababu ya ndege?" Hawakunikamata, na haikuwa ndege. Nimewaeleza mama wa kwaya, nimemweleza fundi wa pikipiki, na kila habari hii inaporudi kwangu imeota bawa jingine. Kwa hiyo naiandika mara moja, ninyi mlioniuliza msomeshane. Mambo ya malipo na vibali nayaruka. Yalinichosha mimi niliyekuwa mwenye shida, sembuse ninyi.

Musonoi: kwa nini nilienda mimi

Wadogo zangu, hao wanaoniita Yaya kwa kuwa ndimi dada yao mkubwa, ni mapacha. Kwetu Waluba wa Kasai, anayetangulia kutoka ni Mbuyi, anayemfuata ni Kabanga, na sheria ya mapacha haina mlango wa nyuma: unachompa huyu unampa na yule, siku hiyohiyo, kwa kipimo hichohicho. Ukimpa mmoja, aliyenyimwa ataugua, au nyumba itaingiwa na balaa. Marehemu mama alikuwa akivunja biskuti dirishani, penye mwanga, ili aone kama nusu zimelingana. Yeye na baba walipotutoka niliacha shule katika mwaka wa pili wa sekondari, nikashika sindano ya maturubai ya malori, na pamoja na sindano nikaishika sheria. Kama naiamini, sijui. Ninachojua ni kwamba sijawahi kuingia nyumbani kwangu na shati moja.

Walipokua wakaingia mashimoni hapa Musonoi kuchimba madini, wote wawili, siku moja, kila mtu na gunia lake. Nilikuwa nashona huku sikio moja liko upande wa mashimo. Nyote mna watu kule, sina haja ya kuwaeleza.

Kisha Mbuyi akapata njia ya kutoka. Injinia mmoja mgeni alikuwa akienda Ziwa Nzilo kila Jumapili kucheza juu ya maji: anasimama kwenye ubao, na kishada kikubwa cha kitambaa kinamvuta. Mbuyi alimbebea mizigo, akamsaidia, mwisho akafundishwa. Injinia aliporudi kwao alibeba na vifaa vyake, lakini Tata Ilunga, mzee mwenye nyumba ya wageni pale ufukweni, alikuwa ameshaona. Akamwambia Mbuyi: njoo na vifaa vyako, nikupe kazi na mahali pa kulala, uwafundishe wageni wangu.

Tatizo ni upepo wa Nzilo. Upo kiangazi chote, lakini ni mpole, na ubao wa kawaida unazama nao. Panahitajika ule wanaouita foili: chini ya ubao kuna mlingoti, na chini ya mlingoti kuna mabawa mawili ya chuma yanayobaki ndani ya maji. Ukipata mwendo kidogo tu, mabawa yananyanyua, ubao unatoka majini wenyewe, na wewe unaenda juu bila kugusa maji. Mimi nilidhani ananidanganya.

"Yaya, nikipata hiyo kitu, mu shimo sirudi tena," Mbuyi aliniambia. Hata juma halijaisha, udongo ulishuka kule chini, akatolewa mguu umeteguka. Mwingine alitolewa siku ileile amefunikwa shuka. Tata Ilunga naye akatuma neno: anangoja hadi Jumapili ya sikukuu ya parokia. Ikipita, anachukua mtu wa Lubumbashi.

Mbuyi hakuweza hata kufika chooni bila fimbo. Kumtuma Kabanga peke yake kungekuwa kumpa mmoja safari na kumnyima mwenzake. Basi nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda mimi, ambaye maji yanayopita magoti nayaogopa.

Kolwezi hadi Likasi: basi la maombi

Basi lilitakiwa kuondoka asubuhi. Liliondoka dereva alipomaliza kugombana na mkewe kwa simu, na ugomvi ule ulikuwa na mengi ya kusemwa. Tulipofika daraja la Lualaba tukakuta malori ya shaba yamejipanga mpaka macho yanachoka. Tukakaa.

Jirani yangu alikuwa mama mnene mwenye ndoo ya chikanda, kile chakula cha mizizi kinachokatwa vipande kama soseji. Alinipa kipande, na baada ya kunilisha alikuwa na haki ya kuniuliza.

"Unaenda kufanya nini kule Lubumbashi, mama?"

Kosa langu lilikuwa kusema kweli. "Naenda kutafuta kishada."

"Kishada? Kile ya batoto?"

"Hapana. Cha watu wazima. Kinamvuta mtu juu ya maji."

Akafunika ndoo yake. Kisha akageuka kwa mama wa nyuma na kumwambia kwa sauti aliyodhani ni ya chini: "Mama wa watu. Ni yatima. Alilea batoto peke yake, sasa kichwa imechoka." Habari ikatembea kiti kwa kiti mpaka kwa dereva, na kutoka kwa dereva ikarudi imeshakuwa kwamba nimefiwa na mume ziwani na ninakwenda kutafuta kishada cha kumvulia. Mchungaji mmoja wa viti vya mbele akasimama.

"Bandugu, gari haiendeke. Tutumie huu wakati. Tumuombee huyu dada."

Nikaombewa. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa changu, mzito kama pasi ya mkaa, na kila nilipojaribu kusema "Tata Mchungaji, mi niko muzima", basi lote liliitikia "Amina!" Malori yaliposogea, kila mtu alijua ni kwa nini yamesogea. Huko Likasi mama wa chikanda alinishika mkono na kunipa vipande vingine bure. Nilivila. Nilikuwa nimevifanyia kazi.

Lubumbashi: uwanja wa malori

Muuzaji wangu, aliyetafutwa na Mbuyi kwa simu, alikuwa Zuhura, binti wa familia ya Kiislamu iliyotoka upande wa Kalemie, wenye malori. Alikuwa amekaa miaka mingi pwani akifundisha watalii michezo hiyo ya kishada. Baba yake alipougua akarudi kusimamia magari, na vifaa vyake vikabaki vimelala juu ya magurudumu chakavu. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kilichonyooka kama mstari wa cherehani, na mimi changu cha Musonoi kikawa kinajificha.

"Karibu, dada," aliniambia. "Ila nikwambie mapema. Simuuzii mtu asiyejua kukiunganisha na asiyeijua nguvu yake. Bawa hilo lina kingo kama kisu. Nimeshaona mtu ameshonwa paja."

"Si mimi nitakayepanda. Ni mdogo wangu."

"Nani kaja kuchukua?"

"Mimi."

"Basi anayejifunza ni wewe."

Akanivalisha mkanda mpana wa kiunoni wenye ndoano mbele, akanipa fimbo yenye kamba ndefu, na mwisho wa kamba kulikuwa na kishada kidogo cha mazoezi, kisichozidi mto wa kulalia. Nikacheka. Kile kitu kikapanda, kikageuka, na mimi nikavuka uwanja mzima kwa kisigino hadi kwenye rundo la matairi. Madereva waliacha kula.

"Mama, usisahau kupiga honi!"

"Leseni yako iko wapi?"

Zuhura alinifuata taratibu. "Ukivutwa kupita kiasi, achia fimbo. Ukiiachia, kishada kinakosa nguvu, kinatulia chenyewe. Umeelewa?"

Nilielewa. Nikavutwa tena, na tena sikuachia. Kuna kitu mikononi mwangu hakijui kufunguka. Mara nyingine nilifika hadi kwenye sufuria ya bukari, ule ugali wa madereva, na hapo utani ukapungua, kwa sababu chakula ni chakula.

"Wewe kosa lako ni moja," Zuhura alisema akinitoa magamba ya samaki begani. "Unadhani ukishikilia sana ndiyo usalama."

Siku iliyofuata akanitandazia vifaa. Hapo ndipo moyo wangu ulipofurahi, na hapo ndipo shida yote ilipozaliwa. Vishada vilikuwa viwili, kikubwa na kidogo. Milingoti miwili, mfupi na mrefu. Mabawa ya mbele mawili, moja pana na nene, moja jembamba. Nikajisemea: Mungu anawajua mapacha.

"Dada, si viwiliviwili hivi," Zuhura alisema. Nadhani aliona macho yangu. "Hiki ni kifaa kimoja cha mtu mmoja. Upepo ukiwa mdogo unatumia kishada kikubwa, ukizidi unatumia kidogo. Anayeanza anafunga mlingoti mfupi, ili akianguka aanguke karibu. Na anafunga bawa pana, linalonyanyuka polepole kama kuku mzito. Hilo jembamba lina haraka, litamtupa. Ataliweza baadaye."

"Nimesikia. Na ubao?"

"Ubao mmoja."

"Haupasuliki?"

Alinitazama. "Unapasulika. Kisha unakuwa kuni."

Akanifundisha kuunganisha: bawa la mbele na la nyuma yanakaa kwenye bomba fupi, bomba linakaa kwenye mlingoti, mlingoti kwenye ubao, na kila parafujo inapakwa grisi, la sivyo maji yataifunga humo milele. Nilirudia hadi akawa anazungumza na simu na mimi naunganisha bila kumuuliza. Hilo sikulipata kwa shida. Kazi yangu ni kukumbuka kipande gani kinakaa wapi. Tuliposhikana mikono alipitisha kiganja juu ya ubao, mara moja, kama unavyompapasa mtoto wa jirani, akasema: "Huku nina barabara tu. Apande, huyo mdogo wako."

Kurudi: haki kwa mizani

Sasa naomba msinicheke. Nilikuwa nimesikia kila neno la Zuhura. Lakini nilijiona nikiingia nyumbani na mzigo mmoja, nikimkabidhi Mbuyi, na Kabanga akiwa amesimama pale na mikono mitupu. Sikuweza.

Nikavigawa. Furushi la Mbuyi likapata kishada kikubwa, mlingoti mfupi, bawa pana na ubao. Furushi la Kabanga likapata kishada kidogo, mlingoti mrefu na bawa jembamba. Lilikuwa jepesi, kwa hiyo nikaliongezea bawa la nyuma, bomba fupi, fimbo na kamba zake, pampu, na kopo la parafujo. Uwanja ule ulikuwa na mizani. Nikapima, nikaongeza, nikapunguza, mpaka sindano ikasimama mahali pamoja kwa yote mawili. Nikayafunga kwa kitenge cha aina moja. Zuhura alikuwa ameshaenda benki kwa shughuli zake. Angekuwepo angenipiga.

Kituoni kondakta aliyaangalia.

"Mama, hii ni maiti mbili?"

"Ni vifaa vya michezo."

"Bagaji moja inapanda. Ya pili haipande. Chagua."

Nilibembeleza, nikapaza sauti, nikamtaja mama yake. Haikupanda. Nikarudi kwa Zuhura, na dereva wake mmoja, Tata Ramazani, alikuwa anapakia chokaa kwenda Kolwezi. Mzee mpole, mwenye salamu ndefu.

"Leta, mama. Nitaiweka chini ya turubai, itapita pale Musonoi kwako, nitaishusha na mkono yangu."

Lipi lipande basi nami? Mbuyi ndiye wa kwanza kutoka, la Mbuyi linatangulia. Furushi la Kabanga likaenda na chokaa.

Sitawachosha na safari ya kurudi. Tulilala Fungurume kwa sababu ya gurudumu, tukalishwa viwavi waliochoka kuliko sisi, na mtu aliyekaa nyuma yangu alitumia mlingoti wa Mbuyi kutundikia koti lake. Nilifika nyumbani Alhamisi. Mapacha walikuwa mlangoni, Mbuyi na fimbo yake, Kabanga na gunia lake begani, ametoka shimoni.

Wakafungua. Mbuyi akashika mlingoti, akashika bawa, akavijaribu kimoja juu ya kingine kama mtu anayejaribu kufunga chungu kwa kifuniko cha sufuria.

"Yaya, bomba ya kuunganisha iko wapi?"

"Iko kwa Kabanga."

"Parafujo?"

"Kwa Kabanga."

"Fimbo ya kishada?"

Kabanga akatazama mikono yake. "Mi sina kitu, Yaya."

"Iko njiani," nilisema. "Inakuja na chokaa."

Mbuyi akakaa chini polepole. Sijawahi kumwona akikaa hivyo. "Yaya, uligawa kitu moja?"

Getini: kuingia ni rahisi

Tata Ramazani hakushusha kitu Musonoi. Alipofika karibu, mgodi ulikuwa unalilia chokaa, na malori yote yakaamriwa yaingie moja kwa moja, bila kusimama. Mgodi wenyewe sitautaja. Uko upande ule wa kupita eneo la Mashamba, na mwenye akili anajua kwamba huko mageti yanafanana. Alipomaliza kushusha na kutaka kutoka, walinzi wakakagua, wakalifungua furushi la Kabanga, wakaona chuma kinachong'aa. Yeye wakamwacha atoke. Furushi likabaki. Alikuja nyumbani Ijumaa kunieleza, akanisalimia mimi, wadogo zangu, majirani na marehemu wote, na mimi nimeshika paji la uso nikingoja neno.

Jumamosi asubuhi nilikuwa getini. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya Tata Ilunga.

Mkuu wa walinzi alikuwa kijana mwenye miwani ya jua iliyobaki na karatasi yake ya dukani. "Madame," aliniambia, "hapa kitu inaingia. Kutoka, ni mambo ingine."

"Shefu, ile ni yangu. Imetoka Lubumbashi."

"Ilitoka mule ndani. Kitu inatoka mule ndani, ni ya mule ndani."

"Iliingia na lori!"

"Kila kitu mule iliingia na lori."

Mlinzi wa pili akasema lile bomba ni la maabara, amewahi kuliona. Wa tatu akasema bawa ni la ile ndege ndogo ya kupiga picha. Mama muuza maandazi aliyekaa kando ya geti akasema wote hawajui, ni kipande cha mashine ya kukamua juisi. Nilipoeleza ni cha kutembelea juu ya maji, walicheka kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza walikubaliana.

"Mama, wewe unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Eh! Basi iache hapa, itakuponya na kifo."

Hapo nilikasirika, na hasira ikanipa akili. Nikampigia simu Mbuyi: "Leteni lenu. Lote. Wote wawili." Walikuja juu ya pikipiki moja, dereva mbele, mapacha nyuma, ubao kichwani mwa Kabanga na mlingoti umetoka pembeni ukitafuta macho ya watu. Nikatandaza turubai chini, mbele ya geti.

"Shefu," nilisema, "hiki kipande changu, na hicho mnachosema ni chenu. Niletee hapa. Kama havikuzaliwa pamoja, chukua vyote viwili."

Alipenda mchezo huo. Akaleta. Nikapiga magoti: bawa la mbele kwenye bomba, bawa la nyuma kwenye bomba, bomba kwenye mlingoti mfupi, mlingoti kwenye ubao. Mbuyi hakuweza kuchuchumaa na mguu ule, kwa hiyo Kabanga ndiye aliyenipa parafujo, moja moja, ameshaipaka grisi kabla sijanyoosha mkono. Kila parafujo iliingia kama imerudi kwao. Nilipolisimamisha likasimama lenyewe, ubao juu, mabawa chini, na watu wa kwenye foleni wakashuka kwenye malori yao.

"Haya, ni yenu," alisema mlinzi wa pili.

Mkuu hakutaka kuisha hivyo. "Na ile kitambaa? Ni ya nini? Tuone."

"Shefu, pana upepo."

"Tuone!"

Tukakipulizia kishada kikubwa kwa pampu, pale pale getini. Kikaanza kuvimba, kikajaa, kikafika upana wa lori na kuzidi, na upepo wa vumbi kutoka kwenye marundo ya udongo wa mgodi ukakishika. Mkuu aliruka nyuma, miwani ikaanguka. Mimi nilipiga kelele. Kabanga peke yake hakupiga kelele. Alikizunguka, akakishika kwa mbele, kwenye mrija wa hewa, akakigeuza ubavu kidogo, na kile kitu kikatulia mikononi mwake kama mbuzi aliyeshikwa pembe. Hakuna aliyemfundisha. Mbuyi alimtazama, mimi nikamtazama.

Nyuma yetu malori yalikuwa yamefika mbali, yote yanapiga honi, na redio ya mkuu ilikuwa inamtukana kwa lugha tatu.

"Toeni hiyo kitu hapa!" akapiga ukelele. "Toeni yote! Sijaona kitu!"

Mama wa maandazi alitufungia mengine kwenye gazeti. Hata leo anasema ni kipande cha mashine ya juisi.

Nzilo

Jumapili wengine walikwenda parokiani. Sisi tulikwenda Nzilo, furushi moja sasa, kitenge kimoja. Tata Ilunga alikuwa amekaa barazani na kijana mmoja nadhifu wa Lubumbashi aliyevaa viatu vya mpira vya rangi ya chungwa. Nilielewa ni nani.

"Patrick," alimwambia Mbuyi, maana alimjua kwa jina la ubatizo tu. "Umechelewa. Lakini onyesha."

Mbuyi alivaa jaketi la kuokolea na kofia ngumu vya Tata Ilunga, akajifunga mkanda, akaingia majini akichechemea, akiusukuma ubao ubavuni. Alisimama maji yalipofika kifuani, kwa sababu kina lazima kizidi mlingoti. Kamba zilitoka kwenye fimbo yake hadi nchi kavu, na mwisho wa kamba alisimama Kabanga, amekishika kishada. Ndivyo kinavyorushwa: aliye majini anatoa ishara, aliye nchi kavu anaachia. Akiachia mapema au vibaya, kishada kinamburuta mwenzake juu ya mawe.

Mbuyi akainua kidole gumba. Kabanga hakuachia. Alinigeukia mimi. Mbuyi naye, kule majini, alikuwa ananitazama. Miaka yote hiyo walikuwa wakinitazama hivyo kabla ya kula, kabla ya kutoka, kabla ya lolote. Na mimi nilikuwa naangalia yale maji meusi, naangalia ule mguu uliofungwa, naona shuka lililotoka shimoni.

"Yaya?" Kabanga aliuliza.

"Achia," nilisema.

Aliachia. Kishada kikapanda, Mbuyi akakipinda, ubao ukasogea ukipiga maji, ukaanguka, yeye akaanguka. Akaanza tena, akaanguka tena. Kijana wa viatu vya chungwa alitabasamu. Kisha mara nyingine ubao ukasogea, na kelele za maji zikakatika ghafla. Alikuwa juu. Kati ya ubao na ziwa palikuwa na hewa, na chini ya hewa ule mlingoti ukikata maji kama mkasi. Hakukuwa na sauti yoyote. Haikuchukua muda, akatupwa, kofia ikaibuka, kikafuata kicheko chake. Kishada kiliposhuka ufukweni, Kabanga alikipokea kabla hakijagusa mchanga.

Tata Ilunga alikuwa amesimama. "Sawa. Huyu nitamukamata mu kazi. Na ule wa inje anarudisha ile kitambaa chini vizuri. Ni nani?"

"Ni Kabanga," nilisema.

Akanigeukia taratibu. "Kabanga? Basi huyu Patrick ni…"

"Mbuyi."

"Mama!" Alikaa chini. "Na ulinyamaza? Ulitaka nichukue Mbuyi, niache Kabanga aende? Unataka hii nyumba yangu iniangukie? Mi pia ni Muluba, hata kama ni wa huku, si wa Kasai!" Alikasirika kweli, akaita watu wake, akaamuru kitanda cha pili, akaniuliza kama wanakula sawa, nikamwambia wanakula sawa, akasema nimemtia hasara. Yule kijana wa Lubumbashi alipewa chakula na nauli ya heshima.

Kwa hiyo wote wawili wako Nzilo. Mashimoni hawarudi. Mbuyi anapanda, Kabanga anarusha na kupokea, na jioni upepo ukiwa mpole wanabadilishana, kitu ambacho sijaombwa ruhusa. Niliporudi kuwaona Jumapili iliyopita, kishada kilikuwa kimelala mchangani, na ili upepo usikichukue walikuwa wamekikandamiza kwa magunia mawili. Niliyatambua kwa mishono yangu. Ni yale ya shimoni. Niliinua moja, kwa mazoea, nikiwa nimekaza mgongo kwa ule uzito ninaoujua. Lilikuwa na mchanga tu, limejaa nusu.

Nikainua na la pili. Yalilingana.